Duka lipi Nairobi lina bei nafuu? Jibu kwa msomaji wa Umoja

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi mtaa wa Umoja na ninafanya kazi katikati ya jiji. Kila mwisho wa mwezi hununua vitu vya nyumbani katika supamaketi nikifuata vipeperushi vya ofa. Mwezi uliopita nilikwenda kwa ajili ya mafuta ya kupikia yaliyokuwa yamepunguzwa bei, nikatoka na risiti ya shilingi 7,400 ilhali nilikuwa nimepanga kutumia 5,000. Dada yangu ananihimiza nihamie duka jingine ambalo anasema ni nafuu. Je, ni duka lipi hapa Nairobi lenye bei nafuu zaidi, na nitajuaje kwamba ofa ni ya kweli? Na nikitozwa kwenye kaunta bei isiyolingana na ile ya rafuni, nifanye nini?

Jibu: Dada, nitaanza na sehemu ya swali lako ambayo jibu lake huenda lisikupendeze. Hakuna duka moja hapa Nairobi lililo nafuu kwa kila kitu. Dada yako hakudanganyi, lakini alichokiona ni kipande tu cha ukweli: amelinganisha vitu vichache ambavyo bei zake anazikumbuka, akakuta vimepungua, akahitimisha kwamba duka zima ni nafuu. Hitimisho hilo ndilo wapangaji wa bei wanalotaka alifikie. Nasema hivyo kwa kuwa niliifanya kazi hiyo kwa miaka tisa, katika idara ya ununuzi ya kampuni moja ya maduka makubwa, kabla ya kuanza kuwafundisha watu kupanga matumizi ya nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuamua ni bidhaa ipi ipunguzwe bei na ni ipi iachwe ilivyo.

Mpangaji wa bei huzigawa bidhaa za duka katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni dogo, nalo ni la vitu ambavyo mnunuzi anazijua bei zake hata ukimwamsha usiku wa manane: unga wa ugali wa kilo 2, sukari ya kilo 1, maziwa ya nusu lita, mkate wa gramu 400 na mafuta ya kupikia. Julai 2022, serikali ilipotangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo 2 ingeuzwa shilingi 100 kwa ruzuku, hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba siku chache kabla ya hapo alikuwa akiinunua kwa zaidi ya shilingi 200. Juni 2024, pendekezo la kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 lilizungumzwa katika kila matatu na kila kibanda mpaka likaondolewa. Bei za namna hiyo ziko vinywani mwa watu, na duka likizipandisha kwa shilingi 10 tu wateja hulisema mtaani jioni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo maduka huziuza kwa faida ndogo sana, na wakati mwingine kwa hasara ya makusudi, ili yapate sifa ya kuwa nafuu.

Fungu la pili ni la bidhaa zilizobaki, nazo ni maelfu. Jaribu kujiuliza, bila kuangalia risiti, bei ya dawa ya meno unayotumia, au ya pilipili manga, kiberiti, nepi, sponji ya kuoshea vyombo, taulo za hedhi, royco na biskuti za watoto. Wengi hawajui, wala si aibu kutojua. Mwaka 1990 watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Peter Dickson na Alan Sawyer, walichapisha utafiti ambamo wanunuzi waliulizwa bei ya bidhaa mara tu walipoitia kwenye toroli. Chini ya nusu yao ndio walioweza kutaja bei sahihi, na zaidi ya nusu ya waliokuwa wamechukua bidhaa iliyopunguzwa bei hawakujua kwamba imepunguzwa. Watu hao walikuwa bado wamesimama mbele ya rafu, bidhaa ndiyo kwanza imeingia kwenye toroli. Basi fikiria mtu anayelinganisha maduka mawili kwa kumbukumbu ya mwezi uliopita.

Sasa rudi kwenye risiti yako ya shilingi 7,400. Mafuta yale yalikuwa chambo. Tuseme duka liliyapunguza kwa shilingi 60. Ili lizirudishe hizo 60, halikuhitaji kukuibia wala kukudanganya. Lilihitaji tu uingie, upite katikati ya bidhaa za fungu la pili, na uchukue vitu sita au saba ambavyo bei zake huzikumbuki. Ninakuomba uitoe risiti hiyo kama bado unayo, uchukue kalamu, na uweke alama kwenye kila kitu ambacho hukuwa umekipanga. Sina shaka kwamba mafuta hayatakuwamo. Kosa halikuwa kuifuata ofa, bali kuifuata mpaka ndani ya duka ukiwa huna orodha.

Kwa hiyo swali la "duka lipi" ninaligeuza kidogo: ni bidhaa ipi, katika duka lipi, kwa kipimo gani? Sehemu ya mwisho, ya kipimo, ndiyo ninayotaka tukae nayo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu werevu kabisa hupoteza fedha.

Bei iliyoandikwa kwenye rafu ni bei ya pakiti. Kinachoingia sufuriani ni gramu na mililita. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linawataka wauzaji waonyeshe pia bei ya kilo moja au lita moja, ili mnunuzi alinganishe pakiti za ukubwa tofauti kwa kutupa jicho tu. Hapa kwetu usisubiri lebo ikufanyie hesabu. Simu yako ina kikokotoo, na hesabu yenyewe ni kugawanya bei kwa uzito au ujazo.

Nitakupa mifano ya bei nilizozibuni ili uione njia. Tuseme mafuta ya lita 1 yanauzwa shilingi 340, ya lita 2 ni 650, ya lita 3 ni 990 na mtungi wa lita 5 ni 1,700. Wengi watanyanyua mtungi wa lita 5 wakiamini kwamba kubwa ndilo nafuu. Gawanya: lita 1 ni 340, katika lita 2 kila lita ni 325, katika lita 3 ni 330, na katika mtungi wa lita 5 ni 340 tena. Mwenye mtungi amebeba uzito mkubwa zaidi na amefunga fedha nyingi zaidi, lakini hakuokoa hata senti moja akilinganishwa na aliyenunua chupa ya lita 1. Niliviona vitu kama hivi kila wiki kazini, na mara nyingine tulivipanga kwa kukusudia, kwa sababu tulijua kwamba mnunuzi wa pakiti kubwa hahesabu.

Upande wa pili ni pakiti ndogo. Sabuni ya unga ya gramu 35 kwa shilingi 15 inaonekana si kitu, lakini hiyo ni karibu shilingi 43 kwa kila gramu 100. Ikiwa pakiti ya kilo 1 ya sabuni hiyo hiyo ni shilingi 275, gramu 100 ni shilingi 27 na nusu. Simlaumu anayenunua kadogo. Mtu anayelipwa kwa siku hana shilingi 275 za kuweka kwenye sabuni peke yake, na pakiti ya shilingi 15 inampa nguo safi leo. Wewe, hata hivyo, unapokea mshahara kwa mwezi, na kwako kadogo ni gharama ya kusahau kupanga.

Kuna jambo jingine linalohusu kipimo ambalo ni gumu zaidi kuliona. Mtengenezaji anapoona gharama zake zimepanda, ana njia mbili: apandishe bei, au aiache bei ilivyo na apunguze kilichomo ndani. Njia ya pili haipigi kelele. Pakiti ya maziwa inayofanana kabisa na ile ya nusu lita inaweza kuwa na mililita 450. Ikiwa ya mililita 500 ni shilingi 60 na ya mililita 450 ni shilingi 57, ile ya shilingi 57 ndiyo ghali, kwa sababu lita yake moja inakugharimu karibu shilingi 127 badala ya 120. Vivyo hivyo karatasi za chooni: usihesabu idadi ya roli, soma idadi ya vipande katika kila roli na kama karatasi ni ya tabaka moja au mbili. Bidhaa zilizofungashwa hutakiwa kisheria kuonyesha kiasi halisi kilichomo, hivyo namba unayoitafuta ipo, ila mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo mahali ambapo kidole chako huifunika unaposhika pakiti.

Baada ya kipimo, tuangalie mpangilio wa duka lenyewe. Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta na mwenye duka akamchukulia anachotaka, kama inavyofanyika hadi leo katika maduka ya mtaani yenye vyuma dirishani. Mwaka 1916 mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambako mteja alijichukulia mwenyewe rafuni. Mwaka 1937 mwenzake wa Oklahoma City, Sylvan Goldman, alianza kutumia toroli baada ya kuona kwamba wateja huacha kununua kikapu kinapokuwa kizito. Tangu wakati huo mpangilio wa rafu umekuwa ndio muuzaji. Ukiitazama supamaketi yoyote unayoijua jijini, iwe Naivas, Quickmart, Carrefour au nyingine, jiulize tu swali moja: ili nifike kwenye kile nilichokijia, nimepitishwa mbele ya nini?

Vitu vya kila siku kama maziwa na mkate mara nyingi huwekwa mbali na mlango, ili safari ya pakiti moja ya maziwa ikupitishe duka zima. Rafu iliyo usawa wa macho ndiyo yenye thamani kubwa kwa duka, na watengenezaji hushindana kuipata, wengine kwa malipo. Chapa zisizo na fedha za kushindana huishia chini, karibu na miguu. Basi kabla hujachukua chochote, inama uangalie rafu ya chini. Rafu zilizo usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitano nazo zina wenyewe. Ncha za safu, pale ambapo bidhaa hurundikwa kama mnara na kuwekewa bango kubwa, si lazima ziwe na ofa: mara nyingi mtengenezaji amekodi nafasi hiyo, na rundo lenyewe ndilo linalokufanya udhani kwamba bei imeshuka. Ukikutana na kijana mwenye fulana ya kampuni fulani akikuonjesha juisi au kukueleza sifa za sabuni, mheshimu, kwa sababu anasimama pale siku nzima kwa ujira mdogo, lakini ujue kwamba kwa kawaida anayemlipa ni mtengenezaji wa bidhaa hiyo na hana sababu ya kukuambia kwamba ya jirani yake ni nafuu.

Muziki nao si wa kukufurahisha tu. Mwaka 1982 mtafiti Ronald Milliman alionyesha kwamba katika supamaketi aliyoichunguza, muziki wa taratibu uliwafanya wanunuzi watembee polepole, na mauzo yalikuwa juu kwa takriban asilimia 38 kuliko wakati wa muziki wa kasi. Sikuambii uzibe masikio. Nenda ukiwa umekula, na weka kikomo cha dakika, kwa kuwa kila dakika ya ziada ndani ya duka ina bei yake. Na kama unahitaji vitu vinane, chukua kikapu cha mkono na uache toroli. Mkono utakuambia mapema kuliko pochi.

Sasa ofa. Uliuliza utajuaje kwamba ni ya kweli, nami ninakuambia kwamba kwa kuitazama tu huwezi kujua. Lebo inayosema "Ilikuwa 450, sasa 399" inakupa namba mbili, na ile ya kwanza imewekwa hapo ili ya pili ionekane ndogo. Katika kazi yangu nilishuhudia zaidi ya mara moja bei ikipandishwa wiki mbili kabla ya ofa, kisha ikateremshwa kwa mbwembwe hadi pale ilipokuwa mwanzoni. Lebo nyekundu au ya njano yenye maneno "bei maalum" bila namba ya zamani haijaahidi chochote. Inakuambia tu kwamba hii ndiyo bei. Bei zinazoishia na 9 unazijua: jicho husoma 199 kutoka kushoto na kukaa kwenye mia moja. Wengine mtakumbuka enzi ambazo shilingi moja ya chenji haikupatikana na keshia alikupa pipi badala yake, hivyo 199 ilikuwa 200 na pipi usiyoiomba. Malipo ya simu yameiondoa pipi, lakini 9 imebaki.

Ofa ya "nunua mbili upate ya tatu" ni nzuri kwa sabuni ya kipande, chumvi na karatasi za chooni, ambavyo haviozi wala nyumba haivitumii haraka zaidi kwa kuwa vipo vingi. Ni mbaya kwa biskuti, soda na maziwa ya mtindi. Watoto watatu wakijua kwamba kabatini mna pakiti tatu za biskuti, zitakwisha kwa muda ule ule ambao moja ingekwisha. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa bidhaa huunganishwa mara nyingi ili kuondoa shehena inayokaribia tarehe hiyo. Hilo si ulaghai ikiwa tarehe inaonekana na utaitumia leo. Mimi mwenyewe hununua mtindi wa namna hiyo bila haya.

Kadi za pointi ninazipitia upesi. Tafuta kujua pointi moja ni shilingi ngapi. Tuseme kila shilingi 100 unazotumia zinakuletea pointi yenye thamani ya shilingi 1: hiyo ni asilimia 1, yaani shilingi 50 kwa ununuzi wa 5,000. Chukua kadi ikiwa ni ya bure, lakini usilipe shilingi 80 zaidi katika duka moja kwa ajili ya kupata pointi za 50. Kumbuka pia kwamba pointi ni ahadi tu ya duka, na sisi wa Nairobi tumekwisha kuona jina kubwa kama Nakumatt likifungwa kabisa mwaka 2020. Kadi humwambia mwenye duka unachonunua na lini unakinunua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa hizo zinatumiwaje.

Bidhaa zenye jina la duka lenyewe zinastahili kujaribiwa. Hazibebi gharama ya matangazo makubwa, kwa hiyo nyingi huuzwa kwa bei ya chini bila kuwa duni. Kwa sukari, chumvi, karatasi za chooni na sabuni ya vyombo, mimi sioni sababu ya kulipia jina. Kwa majani ya chai ninaona sababu, lakini hapo ni ulimi wangu unaosema.

Kifaa ninachokushauri ukitumie ni daftari dogo, la shilingi 20 tu. Chagua vitu kumi na tano ambavyo nyumba yako haikai bila hivyo, na hakikisha angalau nane kati yake ni vya lile fungu la pili, vitu ambavyo bei zake huwa huzikumbuki. Kwa kila kimoja andika chapa, uzito, duka, tarehe, bei, na bei ya kilo au lita. Risiti zako zitakujazia sehemu kubwa bila wewe kuzunguka, mradi tu usizitupe. Baada ya miezi miwili utakuwa na kitu ambacho lebo ya "Ilikuwa 450" haiwezi kushindana nacho, kwa sababu utafungua ukurasa na kuona kwamba katika majuma manane yaliyopita haikuwahi kuwa 450.

Unapolinganisha maduka mawili, linganisha chapa ile ile, uzito ule ule, katika wiki ile ile. Ukilinganisha mchele wa pishori wa duka moja na mchele wa kutoka nje wa duka la pili hujalinganisha bei, umelinganisha michele. Kisha toa gharama ya safari. Ikiwa orodha yako yote ni nafuu kwa shilingi 280 katika duka la mbali, na nauli ya kwenda na kurudi ni 160, umebakiwa na 120, nazo utazitafuta kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo ukiwa na mizigo miwili mapajani. Kwa kuwa unafanya kazi katikati ya jiji, nunua vitu vyepesi vya bei kubwa huko huko ukitoka kazini, na vile vizito, yaani unga, mafuta na sukari, ununue karibu na nyumbani, ambako tofauti ya shilingi 5 haifiki nauli. Beba mfuko wako mwenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfuko unaouziwa kwenye kaunta ni kitu kingine kinachoongezwa kwenye risiti, na nyumba nyingi ninazozitembelea zina ishirini nyuma ya mlango. Ukiagiza kwa programu ya simu, jumlisha ada ya kuletewa na ya huduma, na ulinganishe bei za ndani ya programu na daftari lako, kwa kuwa si lazima zifanane na za rafuni.

Ukitaka kujua kama kupanda kwa bei ni kwa duka lako tu au ni kwa nchi nzima, Shirika la Taifa la Takwimu hutoa kila mwisho wa mwezi taarifa ya bei za walaji, na ndani yake mna bei za wastani za vitu kama sukari, unga, maziwa na mafuta. Unga wako ukipanda kwa shilingi 15 na wa taifa ukipanda kwa 3, una sababu ya kuangalia duka jingine.

Na usiifanye supamaketi kuwa ndiyo soko lote. Nyanya, vitunguu na sukuma wiki utavipata kwa mama mboga wa mtaani, ila yeye huuza kwa fungu na supamaketi huuza kwa kilo, ndiyo maana ulinganisho huwa mgumu. Pima fungu lake mara moja kwa mizani ya jikoni ya jirani, uandike, na hutahitaji kupima tena kila siku. Nafaka pia zina hila yake: gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, kwa desturi huhesabiwa kuwa kilo 2, lakini ni kipimo cha ujazo, na mkebe uliobonyezwa kitako hukupunguzia maharagwe bila wewe kuona. Uangalie ndani kabla haujajazwa. Kama una chama cha kina mama, njia bora ninayoijua ni kununua gunia moja la kilo 90 la maharagwe au ndengu katika maduka ya jumla ya Nyamakima, mkagawana kwa mizani, nauli ya mzigo mkachanga. Watu sita wanapata kilo 15 kila mmoja. Nimeona vyama vikiacha ofa za mwisho wa mwezi kabisa kwa upande wa nafaka baada ya kuanza hivyo, ingawa mmoja wenu atalazimika kuamka mapema na kuvumilia wapakiaji.

Swali lako la mwisho lilihusu kaunta. Tofauti kati ya bei ya rafuni na ya keshia mara nyingi ni uzembe: bei imebadilishwa kwenye kompyuta na hakuna aliyebadilisha lebo, au ofa ilikwisha jana na bango likaachwa. Hata hivyo, uzembe unaojirudia kwa upande mmoja ni fedha ya mtu. Piga picha ya lebo kwa simu unapochukua bidhaa ya ofa, picha ambayo inaonyesha lebo na bidhaa pamoja. Kwenye kaunta, tazama kioo kila kitu kinapopitishwa, vitu vya ofa uvipange vipite kwanza, na usilipe kabla ya tofauti kusahihishwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kufuta mstari kwenye mashine kuliko kurudishiwa fedha. Keshia hana mamlaka ya kubadilisha bei, basi usigombane naye. Omba msimamizi wa kaunta aitwe, mwonyeshe picha, na useme kwa utulivu kwamba utalipa bei iliyoonyeshwa au utakiacha kitu hicho.

Ukiwa umeshatoka, rudi na risiti siku hiyo hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa anazonunua, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Duka likikataa kukusikiliza, andika malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, uambatishe picha, risiti na tarehe. Kwa shilingi 40 za mtu mmoja huenda ukaona ni usumbufu usio na maana, lakini kabla hujaamua hivyo fungua daftari lako uhesabu ni mara ngapi mwaka huu lebo na risiti za duka hilo zimetofautiana.